Si Baridi, Si Moto: Hotuba Mbele ya Painti ya Bita

Wengi mlikuwa zamu Jumamosi ile, na simu zenu za "tuambie ulisema nini" zimenichosha. Basi hii hapa, hotuba juu ya bita, ile bia ya Kiingereza ya kuvutwa kwa pampu, niliyoitoa mbele ya jamaa zetu wa Leeds, Uingereza, katika chumba cha juu cha pabu ninayofanyia kazi. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, maana hata waliokuwepo hawakuziona vizuri.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi? Ndugu zetu wa Nairobi na Nakuru kule nyuma, mko poa?

Nianze na wale wasiogusa pombe. Nawaona, mmekuja kwa ajili ya pilau, na hakuna ubaya. Mezani kwenu kuna soda ya tangawizi. Hadithi za leo ni zenu pia, kwa sababu nusu yake zinahusu pua na maneno, na pua kila mtu kaja na yake.

Sasa swali. Nani hapa, siku aliyokunywa bita kwa mara ya kwanza katika nchi hii, alisema kimoyomoyo, "Hawa wameniuzia kiporo"? Nyoosheni mikono. Msione haya. Haya, shusheni. Ni chumba kizima.

Na mimi nilikuwa mwenzenu. Nilikuwa na wiki mbili tu Uingereza. Rafiki yangu wa Nakuru akanipeleka pabu moja karibu na stesheni. Nikaona mipini mirefu ya mti imesimama juu ya kaunta, nikamwonyesha mhudumu mmojawapo kwa kidole. Yule dada akauvuta kuelekea kwake, polepole, akaurudisha, akauvuta tena, kama mtu anayepiga pampu ya kisima. Hakuna chupa. Hakuna barafu. Hakuna mlio wa kizibo. Ikatoka bia ya rangi ya chai kavu. Nikanywa. Haikuwa baridi. Haikuwa na gesi ya kupanda puani. Na ilikuwa chungu. Nikamnong'oneza mwenzangu, "Mbona wamenipa masalia?" Alicheka mpaka akaiweka glasi yake chini. "Kwetu si huwa wanauliza, baridi ama moto?" akasema. "Hapa hawaulizi. Hii ni ya katikati."

Ya katikati! Nani angefikiri kwamba miaka michache baadaye kijana wa Moshi ndiye angekuwa analinda hiyo ya katikati, huko chini, usiku na mchana?

Mnajua swali lile la baa za kwetu. Unakaa, mhudumu anakuja, kabla hata ya salamu: baridi au moto? Vijana wanasema baridi, tena ile ya chini kabisa ya friji. Wazee wanasema moto, na maana yake ni bia iliyotoka kwenye kreti hivi hivi. Tulikuwa tunawacheka wazee wetu. Tulidhani ni jino linauma, au ni kifua. Ndugu zangu, wazee walikuwa wanaonja! Sisi tulikuwa tunapoza koo.

Bita ya pipa hutunzwa na kutolewa kwenye nyuzi 11 hadi 13. Nyuzi 12 ndiyo tunayoilenga. Laga, bia kama zile za kwetu, ya hapo chini kaunta inatoka ikiwa na nyuzi 4 au 5. Kwa nini tofauti yote hiyo? Chukueni Fanta. Fanta ya barafu ni tamu kiasi, inakata kiu. Fanta hiyo hiyo iache kwenye dirisha la daladala saa nzima, halafu uonje. Ni sukari tupu, inakera. Sukari imeongezeka? Haikuongezeka hata punje. Ulimi wako ulikuwa umekufa ganzi, sasa umezinduka. Baridi inaficha. Inaficha ubaya, na inaficha uzuri. Gesi nayo inaficha, inachoma ulimi kabla haujasema neno. Laga ina zaidi ya maradufu ya gesi iliyomo kwenye bita ya pipa. Ukiondoa baridi, ukaondoa gesi, bia imebaki na nini cha kujifunika? Haina. Imesimama mbele yako kama ilivyo. Ndiyo maana bita mbaya ni mbaya kweli kweli, na mimi siwalaumu waliokunywa moja mbaya wakaapa kutorudi.

Na ile pampu si pambo la kuwapigia watalii picha. Joseph Bramah aliiandikishia haki yake mwaka 1797. Bramah huyo ni mtoto wa Yorkshire hii hii, alizaliwa karibu na Barnsley, fundi wa makufuli na mashine za maji. Mpini ukivutwa, bia inapanda kutoka stoo ya chini kwa nguvu ya mkono. Hakuna gesi inayoisukuma. Umeme ukikatika usiku huu, nyote bado mtahudumiwa.

Sasa nije kwenye uchungu wenyewe, maana bia hii jina lake ndilo hilo. Bita ni chungu, basi. Na jina hilo wenye viwanda hawakulitoa. Wao waliiita eli nyeupe, kwa Kiingereza pale ale, kwa kuwa kimea chake kilikuwa cheupe kuliko kile cha bia nyeusi za zamani. Karne ya 19, mnywaji anaingia pabu, kuna bia laini ya bei nafuu na kuna hii nyingine. Anasema tu: nipe ile chungu. Jina likashika. Ni kama kwetu tunavyosema kahawa chungu. Hakuna aliyekaa kikao kulipitisha.

Uchungu huo unatoka wapi? Unatoka kwenye ua. Hopsi ni mmea unaotambaa juu ya nguzo na kamba, kama maharage yanayopanda lakini mrefu mara kadhaa, na ua lake la kike linafanana na tunda dogo la msonobari, kijani, jepesi, limejaa unga wa njano wenye utomvu. Ukilisugua viganjani unanata, na harufu haitoki mpaka kesho. Linalimwa Kent, kusini mashariki, na upande wa Hereford na Worcester. Zamani, kila Septemba, familia za maskini wa London mashariki zilifunga virago na watoto kwenda Kent kuchuma hopsi. Kwao ndiyo ilikuwa likizo: unalala kibandani, unalipwa kwa ulichochuma, watoto wanapata hewa. Tulivyokuwa tunapelekwa shamba kwa bibi msimu wa kahawa, ndivyo.

Ua hili lenyewe halichachishi kitu. Linachemshwa na maji ya kimea, saa nzima hivi, na katika kuchemka utomvu wake unageuka kuwa uchungu. La kutiwa mwanzo linatoa uchungu, la kutiwa mwishoni linaacha harufu. Waingereza hawakuwa nalo tangu awali, walilipokea kutoka ng'ambo ya bahari, pande za Flanders, karne ya 15, na kabla ya hapo waliikoleza pombe yao kwa majani mengine.

Hapo ndipo niliposimama siku moja nikacheka peke yangu stoo. Kwa nini? Kwa sababu bibi yangu, ambaye hakuwahi kuiona Kent wala kuisikia, alikuwa na uchungu wake. Wachaga wenzangu, mnajua ninachotaka kusema. Msesewe! Gome la msesewe. Mbege inatokana na ndizi mbivu zilizopikwa zikaachwa zichache, na uji wa kimea cha ulezi. Bila msesewe, ni tamu ya kitoto, haina mgongo. Bibi alikuwa anaweka gome, anaonja kwa ncha ya kata, anatulia. Anatulia hasa. Sisi watoto tunamkodolea macho. Halafu anasema kwa sauti ndogo, "Bado." Au anasema, "Imezidi," na siku hiyo babu anaambiwa asiwaite wageni. Hakutumia kipimo. Alichokuwa anasubiri pale alipotulia, nilikuja kukielewa huku, nikiwa na zaidi ya miaka thelathini, mbele ya pipa la bia ya Kiingereza. Alikuwa anasubiri kile kinachokuja baada ya kumeza.

Nalirudia, maana ndilo lililonileta mbele yenu. Bita huionji ikiwa mdomoni. Bita unaionja ikishamezwa. Waonja divai wanatema, na wana haki zao. Ukitema bita umetema nusu ya kazi.

Kabla hatujainua glasi, tuelewane kwa maneno, na hapa naomba mjivunie lugha yenu kidogo. Nimehudumia watu kaunta miaka mingi. Mteja anarudisha glasi, anasema ni chungu. Naonja, si chungu, ni chachu. Mwingine anasema imechacha, kumbe ni chungu tu, kama inavyopaswa. Wanachanganya. Sisi tuna maneno manne, na kila moja lina mahali pake. Kuna ukali: huo ni nguvu ya kilevi, au pilipili, unachoma. Kuna uchachu: ndimu, ukwaju, maziwa mgando, unafanya mate yatoke pembeni. Kuna uchungu: shubiri, mwarobaini, kahawa isiyo na sukari, unakaa nyuma na kuchelewa kuondoka. Na kuna ukakasi. Watu wa Mtwara na Lindi, bibo! Umelila bibo, au ndizi mbichi, ulimi unakuwa kama umepakwa chaki, mashavu yanavutana. Huo si uchungu. Ni ukakasi, na bita nzuri inao kidogo sana, pembezoni, kama chai iliyokolea.

Mtu wa Pwani ana nafasi kubwa zaidi ya kuielewa bia hii kuliko mnywaji wa laga wa Manchester. Sikufanya utafiti, ni maoni yangu. Lakini fikirini. Jioni, baraza, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Kikombe kidogo, kahawa chungu, na kashata pembeni. Nani anaikunywa kahawa ile kwa mkupuo akaondoka? Hakuna. Unakunywa funda, uchungu unakufanya unyamaze kidogo, unamega kashata, unaendelea na maneno ya mpira na siasa. Uchungu unaomba utamu, utamu unaomba uchungu, na hapo umekaa saa mbili. Bita ina kashata yake ndani kwa ndani, nayo ni kimea.

Sasa inueni glasi. Wenye tangawizi, inueni pia, tusibaguane. Mmepewa nusu painti, mililita 284. Painti nzima ni 568, na mtapewa baadaye mkistahili.

Iwekeni mbele ya taa. Msinywe! Wewe kijana, nimekuona. Angalieni rangi. Shaba iliyosuguliwa, au chai kavu kwenye glasi. Inapaswa kuwa safi kiasi cha kuona kidole chako upande wa pili. Juu kuna povu zito kama la maziwa yaliyopigwa. Povu hilo ni ugomvi wa nchi nzima. Huku kaskazini tunavalisha mdomo wa pampu kijifuniko chenye vitundu vidogo, bia inalazimishwa kupita humo, povu linakuwa nene. Kusini wanasema tunaiua bia, tunaipokonya uchungu na kuupeleka kwenye povu. Wao wanaimimina bila kitu, povu jembamba, na sisi tunasema wanauza maji ya kuoshea vyombo. Mimi nakula mkate wa kaskazini, kwa hiyo msimamo wangu mnaujua.

Sasa funikeni glasi kwa kiganja, mtikise kidogo, mfungue, mnuse. Fupi fupi, kama mtu anayenusa mboga sokoni. Mnapata nini? Sitaki mniambie maneno yaliyoandikwa kwenye vibao vya pampu. Nataka yenu. Mimi wa kwanza: napata sukari guru. Ile ya kahawia, iliyofungwa kwenye majani makavu. Hiyo inatoka kwenye kimea kilichookwa kikiwa bado kibichi, mpaka sukari iliyomo ndani ya punje ikageuka karameli. Halafu napata ganda la mkate. Halafu, nyuma yake, kitu cha msituni: majani, na udongo baada ya mvua ya kwanza. Hiyo ni hopsi inayoitwa Fuggle. Mwenzake, Goldings ya Kent, ana harufu ya juu zaidi, ya maua na asali. Ukikuta harufu ya kopo la maembe, hiyo ni bia ya vijana wa siku hizi, nzuri, lakini tutaizungumza siku nyingine.

Funda la kwanza ni la kuosha mdomo. Linywe tu, lisahau. Funda la pili ndilo. Lipitishe kila mahali, maana ile habari tuliyofundishwa shuleni, kwamba utamu unaonjwa kwenye ncha ya ulimi na uchungu nyuma peke yake, si kweli. Ulimi wote unaonja yote. Mwanzo ni kimea, utamu wa mkate. Meza. Sasa nyamaza. Hesabu mpaka kumi.

Mnasikia inavyokuja? Utamu unaondoka mlango wa mbele, uchungu unaingia wa nyuma. Unapanda, unakaa, unakausha mdomo, unausafisha. Na mkono wako umefanya nini? Umerudi kwenye glasi! Nimewaangalia, hamkujua hata. Hicho ndicho bibi alichokuwa anasubiri. Uchungu ukizidi, unafukuza. Ukipungua, umeshiba utamu kwenye glasi ya kwanza. Ukikaa sawa, unaita.

Maji nayo yana neno. Mji wa Burton upon Trent, kusini kidogo ya Derby, ulikuwa mji mkuu wa bia hii kwa sababu ya visima vyake. Maji ya pale yamepita kwenye miamba ya jasi, ndiyo ile ile ya kufungia mfupa uliovunjika, na jasi inaufanya uchungu uwe mkavu na wenye makali, usilegee. Reli ilipofika Burton mwaka 1839, bia yake ikaenda kila mahali. Leo mtengenezaji yeyote, popote alipo, akitaka bita ya namna hiyo anatia jasi kwenye maji yake. Ukinywa bia ya Burton yenyewe, unaweza kukutana na harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Usirudishe. Ndiyo salamu yao.

Na kwa nini haina nguvu? Kijana mmoja ameniuliza hapa kabla sijaanza, akasema asilimia 3.8 ni bia au ni juisi. Bita ya kawaida iko chini ya 4, ile wanayoiita bora iko 4 na kidogo. Zamani zilikuwa kali zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyozishusha: kodi juu, nafaka haba, serikali haitaki wafanyakazi wa viwanda vya silaha walewe. Vita vikaisha, nguvu haikurudi yote. Ikawa bahati. Bia ambayo uchungu wake unaita glasi ya pili lazima iwe ya mtu kuweza kuinywa hiyo ya pili na bado akakumbuka namba ya basi lake.

Niwapeleke chini sasa, stoo, kwa sababu kule ndiko painti hii inakotengenezwa kwa mara ya pili. Bita ya pipa haifiki hapa ikiwa tayari. Inafika hai. Ndani ya pipa mna hamira inayoendelea kula sukari iliyobaki na kutoa gesi yake yenyewe, kidogo. Haijachujwa, haijapashwa moto kuiua. Mwaka 1971 Waingereza wanne, Hardman, Lees, Makin na Mellor, wakiwa likizo katika baa ya Kruger's huko Kerry, Ireland, walikaa wakaona kwamba viwanda vikubwa vinaimaliza bia hii kwa kegi, yaani mapipa ya chuma ambayo bia yake husukumwa kwa gesi, wakaanzisha chama cha kuitetea, CAMRA. Chama kipo mpaka leo. Mimi nakishukuru kwa sababu rahisi: bila pipa hai, mimi sina kazi.

Pipa letu la kawaida ni la galoni 9, lita 41 hivi, painti 72. Linalazwa juu ya viegemeo, linatulia. Juu lina kizibo, na katikati ya kizibo unagonga kijiti cha mti laini. Ukisikiza, kinapumua. Ssss. Povu linachungulia kupitia nyuzi za mti, unalifuta, linarudi, unalifuta. Likiacha kurudi, bia imemaliza hasira, unaweka kijiti cha mti mgumu ili isipoteze pumzi yote. Koki unaigonga mbele kwa nyundo ya mti, pigo moja la kuamini. Ukisitasita, unaoga. Nimeoga mara tatu.

Ile hamira lazima ishuke chini, na kinachoishusha ni kitu ambacho watu wa Mwanza, Musoma na Kisumu watakijua: bondo la samaki! Lile pulizo la ndani, kama la sangara, ambalo wachuuzi wa kwetu wanalikausha na kuliuza ng'ambo kwa bei kubwa kuliko minofu. Zamani huku walitumia la samaki wa Urusi, mpaka William Murdoch mwaka 1795 akaonyesha kwamba la chewa wa bahari za hapa linafaa. Linayeyushwa, linatiwa kwenye pipa, linakusanya hamira na kuzama nayo. Viwanda vingine leo vimeacha kulitumia, kwa ajili ya wasiokula nyama wala samaki, na bia zao zina ukungu kidogo. Kwa hiyo si kila ukungu ni ugonjwa. Uliza kwanza.

Ila ukungu wangu ulikuwa ugonjwa. Ijumaa moja, mwezi wangu wa pili kazini, watu wamejaa, pipa la bita limefika chini ya nusu. Mzee aliyekuwa akinifundisha alishaniambia: pipa liinue nyuma mapema, kidogo kidogo, likiwa limetulia, wakati hakuna anayevuta. Nikasahau. Saa mbili usiku nikakumbuka, nikashuka mbio, nikaliinua kwa nguvu kama gunia la mahindi. Mashapo yote yakaamka. Juu zikaanza kutoka painti za rangi ya maji ya mto wakati wa masika. Mzee alishuka, akachota kidogo kwenye glasi, akaitazama mbele ya balbu, akanitazama mimi. Hakugomba. Akaandika chokaa ubaoni: 27. Painti 27 za kumwaga. Ule ubao hakuufuta mwezi mzima.

Na ukishalifungua, pipa lina siku tatu. Kila painti inayotoka, hewa inaingia. Siku ya kwanza bia bado ina haya, siku ya pili iko kwenye ubora wake, siku ya tatu inaanza kuchoka, baada ya hapo ni siki ya kachumbari. Mbege ni hivyo hivyo, na hata haina subira hiyo. Ndiyo maana babu aliita watu siku ile ile.

Basi mkienda pabu, jifunzeni kurudisha. Sisi tunaona aibu, tunakunywa kibaya kimya kimya, tunalipa, halafu tunasema bita ni mbaya. Kuna mzee mmoja mteja wetu, fundi bomba mstaafu, hajawahi kupandisha sauti. Anakuja kaunta na glasi yenye funda moja tu lililopungua, anaiweka, anasema: "Mwanangu, hebu onja, nadhani limefika mwisho." Basi. Hasemi umeniuzia uchafu. Naonja. Siku zote amekuwa sahihi, na siku zote nambadilishia. Fanyeni hivyo. Funda moja, si nusu glasi! Ukileta glasi tupu ukasema ilikuwa mbaya, hata mimi ndugu yako nitakucheka. Harufu za kurudishia ni hizi: siki, siagi iliyoganda kwenye koo, tufaha bichi. Na ukiona pampu tano na pabu ina wateja wawili, agiza kitu kingine. Mapipa matano, watu wawili, siku tatu. Pigeni hesabu wenyewe.

Za kuanzia nitawapa mbili. Hapa jirani, Keighley, kiwanda cha Timothy Taylor wanatengeneza bita iitwayo Landlord tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, asilimia 4.3, kwa shayiri ya Golden Promise na maji ya kisima chao wenyewe. Mkishuka kusini, Lewes, mtafuteni Harveys Sussex Best, asilimia 4, mkavu, wenye tunda ndani. Watu wa Sussex, mkoa wa Lewes, wanajivunia sana. Waacheni wajivunie, kisha waulizeni hamira yao ilitoka wapi. Ilitoka Tadcaster, mwaka 1957. Tadcaster hapo, barabara ya kwenda York!

Mwenyekiti ananionyesha saa, na pilau nasikia harufu yake inashindana na hopsi. Msiile na pilipili nyingi huku mkinywa, uchungu utageuka msumari. Kachumbari weka pembeni. Nitapita meza kwa meza, na kila mmoja ataniambia neno moja la Kiswahili kwa kile anachonusa. Karibuni.

Hapo hotuba iliishia. Maneno niliyokusanya kwenye karatasi ni haya: kashata, kuni mbichi, ndani ya kabati la bibi, mkate wa kumimina ulioungua chini, "stesheni ya Tabora asubuhi", na mmoja aliandika "sijui lakini naipenda". Mzee wetu wa Pemba, ambaye hajagusa pombe maisha yake yote, aliomba glasi anuse. Aliifunika kwa kiganja kama nilivyoonyesha, akafungua, akafumba macho. "Karafuu hamna," akasema. "Lakini kuna ganda la chungwa lililoanikwa juu ya jamvi, siku ya pili, kabla halijakauka." Akanirudishia glasi. Nikanusa tena. Nimefanya kazi na bia hiyo miaka yote na lile ganda sikuwahi kulipata. Lilikuwemo.

Saa tano na robo nilishuka stoo kugonga kijiti kigumu. Pipa lilikuwa limebaki na painti sita hivi.